Pancha Inayorudi: Somo Kuhusu Matairi Yanayotembea Bila Upepo

Lalamiko la pancha likifika kwa polisi, aghalabu haliji kwa jina lake. Huja kama shutuma: kwamba vijana wa kona fulani wanamwaga misumari, kwamba fundi hutoboa ili apate cha kuziba, kwamba jirani ana kinyongo. Shutuma za namna hiyo zinaweza kuvunja ujirani wa miaka mingi, na baadhi yake huwa za kweli. Hata hivyo, tairi lililopata pancha mara tatu ndani ya mwezi mmoja lina mengi ya kueleza kabla jirani hajaitwa, na katika somo hili tumeona vema tulisikilize lenyewe kwanza.

Tunakusudia hasa matairi yale yaliyoundwa yaendelee kutembea hata upepo ukiisha. Yameingia kwetu pamoja na magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, hususan BMW na Mini, na baadhi ya Mercedes. Ubavu wa tairi hilo umetiwa mpira mnene na mgumu, ili upepo ukitoka ubavu wenyewe ubebe gari. Msomaji atalitambua kwa herufi zilizoandikwa ubavuni: RFT kwa Bridgestone, ZP kwa Michelin, SSR kwa Continental, ROF kwa Goodyear. Atalitambua pia siku atakapofungua buti na kukuta hakuna gurudumu la akiba wala jeki. Kiwanda kiliviondoa kwa kuamini kwamba tairi litamfikisha dereva kwa fundi.

Ahadi ya kiwanda ina mipaka, na mipaka hiyo huandikwa kwa tarakimu: kwa kawaida ni kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Gari likijazwa watu na mizigo, au barabara ikiwa ya mashimo, kilomita hizo hupungua. Atakayepata pancha Rumonge anaweza kufika Bujumbura akienda polepole, kwa kuwa safari ni ya kilomita sabini na kitu. Lakini atakayepata pancha Kayanza, mwendo wa takriban kilomita 95, asijidanganye. Mbele yake upo mteremko wa Bugarama wenye kona nyingi, na tairi lisilo na upepo likiendelea kusagwa huko hupata joto hadi ubavu ukapasuka.

Sasa tuje kwenye kiini: kwa nini pancha irudi?

Sababu ya kwanza ni kwamba tairi hili huficha ugonjwa wake. Tairi la kawaida likipungukiwa upepo hutanuka chini, hata mtoto akaliona na kupiga kelele. Hili la ubavu mgumu husimama wima kama lenye afya. Ndiyo maana viwanda huagiza lisifungwe kwenye gari lisilo na kifaa cha kupima upepo na taa ya onyo. Magari mengi yanayotufikia yana umri wa miaka kumi na zaidi. Vile vipima-upepo vinavyokaa ndani ya gurudumu huwa na betri ndogo, ambayo kwa kawaida huishi kati ya miaka mitano na kumi, kisha hunyamaza. Kwa hiyo msumari mwembamba ukiingia Jumatatu, dereva hutembea nao hadi Ijumaa bila kujua, na siku zote hizo ubavu unakunjwa na kusagika kwa ndani. Ijumaa fundi anaziba tundu la msumari. Jumapili upepo umetoka tena, safari hii kupitia ubavuni, na dereva anasema amemwagiwa misumari mara mbili.

Baadhi ya magari hayana kipimo ndani ya gurudumu. Kompyuta ya gari hulinganisha tu mizunguko ya magurudumu manne, kwa sababu lililopungukiwa upepo huzunguka kwa kasi zaidi kuliko wenzake. Mfumo huo hutakiwa kuanzishwa upya kila baada ya kujaza upepo. Dereva akichoshwa na taa na kuizima kwa kuuanzisha upya huku tairi likiwa bado limepwaya, amelifundisha gari kwamba kupwaya huko ndiko sawa. Kosa hili ni jepesi kulitenda, na ni zito kuligundua.

Sababu ya pili ni rimu. Ubavu mgumu haunyonyi kishindo cha shimo vizuri, bali hukipeleka kwenye chuma. Rimu hupinda kidogo au hupata ufa mwembamba, na upepo hutoka pembezoni mahali tairi linapokutana na chuma. Hapo hakuna tundu la kuziba, hata fundi atafute hadi jua lizame. Dawa ya kuligundua ni maji ya sabuni: ipakwe kuzunguka ukingo wote wa rimu pande zote mbili, kwenye kashata, na kwenye mdomo wa kujazia upepo, kisha povu litazamwe. Kazi hii huchukua dakika kumi, na imewaepusha wengi na ugomvi.

Sababu ya tatu ni namna ya kuziba. Tunawaheshimu mafundi wetu, wakiwemo wale wa Buyenzi, mtaa ambao kwa miaka mingi umekuwa makao ya karakana na ya lugha hii yetu ya Kiswahili. Lakini utambi wa mpira unaosokomezwa kwa nje, bila tairi kuvuliwa, ni msaada wa kufikia nyumbani. Tairi lililotembea bila upepo lazima livuliwe na kutazamwa ndani. Ikiwa ndani mna unga mweusi wa mpira, au mikunjo na mstari unaozunguka ubavu, tairi hilo limekwisha, hata kama nje linang'aa. Ikiwa ndani ni pazima, na tundu liko kwenye uso unaogusa barabara na halizidi milimita 6, hutiwa kwa ndani kiraka chenye mkia, mfano wa uyoga, mkia ukijaza tundu na kichwa kikifunika. Tundu la ubavuni halizibwi kwa njia yoyote. Baadhi ya viwanda hukataza kabisa kuziba tairi la aina hii likishatembea bila upepo, na kwa gari linalobeba familia tunaona katazo hilo ni la busara. Izingatiwe pia kwamba kulivua kwa vyuma vya mkono ni kazi ngumu mno. Mara nyingi ukingo wake huchanwa hapo hapo, na pancha inayofuata huwa imezaliwa kwenye karakana. Atafutwe fundi mwenye mashine.

Kuhusu ununuzi wa tairi lililotumika, neno letu ni fupi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT hueleza wiki na mwaka: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Historia ya tairi la mitumba haijulikani, na kwa aina hii inayoficha majeraha, historia ndiyo kila kitu. Anayeona bei ya jipya inamshinda anaweza kuhamia matairi ya kawaida, yote manne, mradi anunue pia gurudumu la akiba, jeki na spana. Asichanganye aina mbili kwenye ekseli moja.

Barabara nayo ina fungu lake. Misumari na vipande vya chuma husogezwa na magari hadi pembezoni; na kwa kuwa Burundi tunaendesha kulia, magurudumu ya kulia ndiyo yanayopita jalalani. Tairi la nyuma huumia zaidi ya la mbele, maana la mbele hunyanyua msumari uliolala na la nyuma huupokea ukiwa umesimama. Basi gari linalopata pancha daima nyuma kulia lina maelezo ya kawaida. Mahali penye ujenzi, mbao za zege zikibomolewa misumari hubaki njiani. Upande wa Gatumba, mafuriko ya mwaka 2020 na yale ya 2024 yalibomoa nyumba, na maji yanayobomoa nyumba hutawanya mabati na misumari yake. Mwenye nyumba anayejenga na afagie mbele ya kiwanja chake kila jioni.

Yapo hata hivyo yanayotuhusu sisi moja kwa moja. Tuchukulie dereva anayerudi kutoka Gatumba kuelekea Gasenyi, giza limeingia, na mtu kando ya barabara anampungia na kumwonyesha gurudumu. Tairi hili lilibuniwa kwa saa kama hiyo. Dereva apunguze mwendo, awashe taa za tahadhari, aendelee hadi penye mwanga na watu, kituo cha mafuta au kizuizi cha polisi, ndipo ashuke. Kusimama gizani kwa ajili ya tairi linaloweza kutembea ni kujitia mikononi mwa asiyemjua.

Na msumari wenyewe asiutupe. Msumari wa ujenzi huwa umepinda ovyo, una kutu au saruji. Uliokunjwa makusudi, au kuunganishwa na mwingine ili ncha ibaki juu wakati wote, au kupigiliwa kwenye kipande cha mbao kilichofukiwa, unajionyesha. Aulete kituoni ukiwa umefungwa kwenye karatasi, pamoja na saa, mahali, na gurudumu lililoumia, na amwarifu mkuu wa mtaa. Magari mawili au matatu ya watu wasiojuana yakitoa maelezo ya mahali pale pale, tunatuma askari kupakagua siku hiyo. Likiwa ni gari moja tu, na mahali ni tofauti kila mara, tutamwomba kwanza alete tairi livuliwe mbele yake na mbele ya yule anayemshuku.