SOMO LA WIKI: Mwenye Milioni 14 Atafute Gari la Milioni 6

KATUMBA, Mpanda — Mkulima akishalipwa tumbaku yake na mahindi kupata wanunuzi, swali la gari huanza kuzungumzwa nyumbani. Fedha ipo mkononi, barabara ni kavu, na dalali aliyeko Mpanda mjini anapiga simu kila siku. Wengi hununua wakati huo, kati ya Julai na Septemba.

Miezi sita baadaye hali hubadilika. Mwezi Februari mvua zimekolea, barabara za vijijini ni tope, na fedha ya msimu imekwishaingia kwenye mbolea, vibarua na ada za shule. Gari lililonunuliwa Agosti kwa furaha husimama chini ya mwembe likisubiri shokapu au tairi mbili. Kwa kaya inayopata fedha mara moja kwa mwaka, mtihani wa gari hauko siku ya kulinunua. Uko Februari.

Somo la wiki hii linahusu namna ya kupiga hesabu ya gari la familia kwa kuanzia Februari na kurudi nyuma.

Kwa nini Katumba

Katumba ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kama makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, na kwa miaka mingi mkazi alihitaji kibali ili kutoka nje ya makazi. Mwaka 2014 serikali ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa watu takriban 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tangu hapo safari si suala la kibali tena, ni suala la gharama. Reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda inapita Katumba, lakini treni haimfuati mgonjwa kijijini usiku, wala haibebi bidhaa za duka hadi mlangoni. Hivyo haja ya gari ni ya kweli, na siyo ufahari kama baadhi ya watu wanavyodhani.

Hesabu ya mfano

Tuchukue kaya ya mfano: baba, mama, watoto wanne na bibi mwenye kuhudhuria kliniki Mpanda. Wanalima tumbaku na mahindi, na mama ana duka dogo. Baada ya chama cha msingi kukata deni la pembejeo, na kwa kujumlisha akiba ya miaka miwili, wana Sh. 14,000,000 taslimu. Bei zote zilizotumika hapa ni za kukadiria. Msomaji aweke za kwake.

Kosa la kawaida ni kwenda kutafuta gari la milioni 14. Hesabu sahihi huanza na mambo ambayo hayawezi kusubiri. Kilimo cha msimu ujao, chakula na ada za shule zitengewe Sh. 3,000,000. Zinabaki Sh. 11,000,000.

Pili, matumizi ya gari kwa mwaka mzima. Tuseme safari ya kwenda Mpanda na kurudi ni kilometa 70, mara mbili kwa wiki, pamoja na mizunguko ya vijijini. Jumla ni kama kilometa 10,000 kwa mwaka. Kwa gari dogo la injini ya 1500 linalokwenda kilometa 12 kwa lita katika barabara mbaya, na petroli ikiwa Sh. 3,000 kwa lita, hesabu ni hii:

Petroli, lita 833: Sh. 2,500,000
Oili na filta, mara mbili: Sh. 240,000
Tairi, sehemu ya mwaka: Sh. 300,000
Shokapu, bushi na bol joint: Sh. 500,000
Bima ndogo: Sh. 118,000
Akiba ya dharura: Sh. 400,000
Jumla: Sh. 4,058,000

Zikitolewa kwenye milioni 11, zinabaki Sh. 6,942,000. Bado kuna gharama za wiki ya kwanza: kuhamisha umiliki, ushuru wa stempu, kadi mpya, wakili, na matengenezo ya mwanzo ambayo kila gari lililotumika huyadai. Zitengwe Sh. 900,000. Kinachobaki ni Sh. 6,042,000.

Kwa hiyo mwenye milioni 14 uwezo wake ni gari la milioni 6. Huo si uoga. Ndiyo bei ambayo itamwezesha kuliendesha gari hilo Februari bila kuuza mahindi ya chakula.

Gari kubwa, fedha ndogo

Familia ya watu saba huvutwa na Toyota Noah kwa sababu ya viti vyake. Tuifanyie hesabu hiyo hiyo. Kwa kilometa 8 kwa lita, petroli itafika Sh. 3,750,000. Tairi, oili, vipuri na dharura navyo hupanda. Kwa makadirio hayo mwaka wa kwanza utahitaji kama Sh. 5,708,000. Ukitoa hizo pamoja na Sh. 900,000 za mwanzo kwenye milioni 11, fedha ya kununulia ni Sh. 4,392,000 tu. Gari kubwa, ambalo ndilo lenye bei ya juu, linamwachia mnunuzi fedha ndogo zaidi ya kulinunua. Atakayeziba pengo hilo kwa mkopo atakuwa amelipeleka Februari likiwa na deni.

Kwa barabara za Katumba, gari dogo lenye vipuri vinavyopatikana lina nafuu. Toyota IST ya 1500 na Probox ya 1500 za matoleo ya mwanzo zinatumia injini ya aina moja, 1NZ-FE, hivyo fundi anayeijua moja anaijua nyingine, na spea hupatikana kwa wingi. Injini hiyo hutumia mnyororo wa taiming badala ya mkanda. Injini ya 3S-FE iliyofungwa kwenye Noah za zamani, pamoja na 5A-FE ya Corolla 110, hutumia mkanda, ambao hubadilishwa kila baada ya takriban kilometa 100,000. Muuzaji asiyejua mkanda ulibadilishwa lini, mnunuzi ahesabu kwamba haujabadilishwa.

Probox husifiwa kwa kubeba mizigo, lakini nayo ina kikomo. Aina ya van ilitengenezwa kubeba kilo 400 watu wawili wakiwa mbele. Hayo ni magunia manne ya kilo 100, si manane. Springi zinazokatika kila mwezi mara nyingi hazitokani na ubovu wa gari.

Kama milioni 6 hazitoshi kupata Probox iliyo nzima, kaya ina njia mbili: kukubali Corolla ya zamani iliyotunzwa vizuri, au kusubiri msimu mmoja zaidi. Kununua Probox mbovu kwa sababu ya jina lake si njia ya tatu.

Je, gari linahitajika?

Gawanya Sh. 4,058,000 kwa kilometa 10,000. Kila kilometa inagharimu kama Sh. 406, na safari moja ya kilometa 70 ni karibu Sh. 28,400, kabla ya kuhesabu bei ya kununulia. Kama nauli za familia kwa safari hiyo hazifiki nusu ya kiasi hicho, na hakuna mgonjwa wala mzigo wa duka, kaya hiyo bado haijafikia haja ya gari. Pikipiki na nauli ya basi vinatosha.

Wengine hupanga gari lijilipie kwa kubeba abiria. Wafahamu kwamba hiyo ni biashara nyingine. Inahitaji leseni ya LATRA na bima ya gari la biashara. Ajali ikitokea na abiria wa kulipa wamo ndani ya gari la binafsi, mwenye gari anaweza kujikuta analipa mwenyewe.

Kuagiza nje au kununua hapa

Tangazo la gari kutoka Japan huonyesha bei ya kuvutia, lakini bei hiyo haijafika Katumba. Chukua gari la 1500 lenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo thamani yake pamoja na bima na usafiri hadi Dar es Salaam ni Sh. 5,000,000. Kwa viwango ambavyo TRA imekuwa ikitumia, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh. 1,250,000. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, yaani Sh. 312,500, na wa uchakavu wa asilimia 30, yaani Sh. 1,875,000. VAT ya asilimia 18 ni Sh. 1,518,750. Jumla ya kodi hizo nne ni Sh. 4,956,250, karibu sawa na gari lenyewe. Bado kuna tozo nyingine, wakala wa forodha, usajili, na safari ya zaidi ya kilometa 1,000 hadi Mpanda.

Aidha, TRA hutumia thamani iliyo katika mfumo wake, si lazima ile ya risiti ya mnunuzi. Anayetaka kuagiza atumie kwanza kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata shilingi moja. Kwa bajeti ya milioni 6, gari lililokwisha kusajiliwa nchini ndilo linaloingia kwenye hesabu.

Siku ya kulikagua

Muuzaji ana maneno yake. "Mzee, hili lilikuwa la mwalimu, linakwenda shuleni na kanisani tu." Jibu la mnunuzi liwe moja: "Sawa mwanangu, basi tulipeleke kwa fundi wangu." Fundi asiwe rafiki wa muuzaji, na alipwe na mnunuzi hata kama gari halitanunuliwa. Sh. 50,000 za fundi ni ndogo kuliko injini.

Gari liwashwe asubuhi likiwa la baridi, siyo lililokwisha kupashwa moto. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha, pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Mazulia yafunuliwe kutazama kutu na tope la mafuriko. Kisha liendeshwe kwenye barabara mbovu, siyo lami, na madirisha yakiwa yamefungwa ili milio isikike.

Namba ya chasisi ilingane na kadi, na jina la kwenye kadi liwe la anayeuza. Madeni ya faini za barabarani yahakikiwe kabla ya malipo. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, malipo yapitie benki, na umiliki uhamishwe TRA mara moja. Gari linalotembea kwa jina la mtu mwingine, aliyelinunua hatambuliki kwenye kadi kama mmiliki mpaka siku hiyo.

Anayelipa kwa mkopo

Walimu, wauguzi na watumishi wengine hukopa kwa dhamana ya mshahara. Wakati wa kukopa asiulize asilimia tu, aulize riba inavyokokotolewa. Mkopo wa Sh. 6,000,000 kwa miaka mitatu, riba asilimia 18 kwa mwaka ikihesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, unarudishwa Sh. 9,240,000, sawa na kama Sh. 256,700 kwa mwezi. Asilimia 18 ile ile ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, marejesho ni kama Sh. 216,900 kwa mwezi, jumla kama Sh. 7,809,000. Tofauti ni zaidi ya Sh. 1,400,000, na kwenye karatasi zote mbili zimeandikwa "asilimia 18".

Kisha ajumlishe. Marejesho ya Sh. 216,900 na matumizi ya gari ya kama Sh. 338,000 kwa mwezi ni karibu Sh. 555,000. Utaratibu wa kumwachia mtumishi theluthi moja ya mshahara hulinda mshahara dhidi ya makato ya mkopo, lakini petroli haimo katika makato hayo. Mtumishi ndiye atakayeilipa kutoka kwenye theluthi iliyobaki.

Kwa mkulima, kanuni ni kali zaidi. Zao lililoko shambani lisiwekwe rehani kwa ajili ya gari. Deni la pembejeo hukatwa kwanza, daraja la tumbaku hujulikana siku ya soko, na bei yake imekuwa ikipangwa kwa dola. Mambo hayo matatu hayako mikononi mwa mkulima, wakati rejesho la gari lina tarehe yake.

Kwa ufupi

Tenga kilimo, chakula na shule kwanza. Tenga gharama za gari za mwaka mzima, ziwekwe katika akaunti ya peke yake au kwenye SACCOS, ili zisiguswe. Bei ya petroli isikadiriwe kwa ya Dar es Salaam. EWURA hutangaza bei kikomo za kila mji kila mwezi, na ya Mpanda hubeba gharama za usafirishaji. Kinachobaki baada ya hayo ndiyo bei ya gari.

Na kabla ya kumpa dalali mkono, mume na mke wakae wajiulize swali moja: mwezi Februari, bibi akiugua usiku, petroli, tairi na fedha ya fundi zitakuwepo? Kama jibu halipo, gari hilo ni la bei kubwa, hata kama linauzwa rahisi.