Somo: Kinu cha Koko ni cha Nani?

Hapa Kisangani tunakula lituma na pondu, na kinu cha kutwangia kinatoka kwa koko, kinafika kwa mama. Kisha matanga yanakuja. Ndugu za marehemu wanabeba kinu, masufuria na masahani, wanasema: “Ni desturi.” Watoto wanabaki mikono mitupu. Hapana! Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 mwezi wa 8, 1987, inaweka watoto mbele. Robo tatu za urithi ni zao, wagawane sawasawa, binti kama kijana. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Basi, tusingoje matanga. Tuulize wazazi wetu sasa: vyombo hivi vilitoka kwa nani? Vitakwenda kwa nani? Majibu tuyaandike katika daftari.