Vidokezo kwa Anayeunda Programu ya Zahanati

Unaunda programu ya kumshauri mgonjwa na kumsaidia muuguzi kuamua tiba, na itatumika kwenye vishikwambi vya zahanati nyingi? Kabla hujalipia seva, pitia haya.

1. Chukulia kwamba mtandao haupo. Kila kishikwambi kiwe na taarifa na kanuni zote za kazi ya siku. Mtandao ukirudi, ndipo kitume na kupokea. Mama mwenye mtoto anayechemka homa hawezi kusubiri seva ijibu.

2. Usigawe namba za wagonjwa kwa mfululizo. Zahanati mbili zikiwa haziwasiliani, kila moja itampa mtu wake namba 1001, na siku ya kuunganisha data utalia. Tumia UUID, utambulisho mrefu ambao kifaa hujitengenezea bila kuuliza seva. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, hutumia UUID. Na rekodi mbili zikipingana, iliyoingia mwisho isifute ya kwanza. Mzio wa dawa ulioandikwa na zahanati moja ubaki hadi mtu auhakiki.

3. Kanuni za tiba zikae kando na msimbo, kila toleo na namba yake. Miongozo hubadilika, na kuna zahanati zitakazochelewa kupata toleo jipya. Lazima ujue ni zipi.

4. Toa sababu. "Mpe amoksilini" haitoshi. Andika: "Miezi 8, pumzi 54 kwa dakika: anapumua haraka." Kwa mwongozo wa WHO, kikomo cha umri huo ni 50, na kuanzia miezi 12 hadi miaka 5 ni 40. Muuguzi akiona hesabu hiyo atajua kama alikosea kuhesabu pumzi au umri. Mpe pia nafasi ya kukataa ushauri na kueleza kwa nini. Maelezo hayo yatakufundisha mengi. Halafu punguza maonyo. Yakitokea kwa kila kidonge atayabonyeza bila kusoma, nami simlaumu.

5. Meseji iwe fupi, na iwe na mtu wa kuijibu. Katika utafiti wa WelTel nchini Kenya, uliochapishwa na The Lancet mwaka 2010, wagonjwa walioanza ARV, dawa za VVU, walitumiwa "Mambo?" kila wiki. Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyekuwa na shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu. Waliosema wanameza dawa ipasavyo walikuwa 168 kati ya 273, na kwa wasiotumiwa meseji, 132 kati ya 265. Angalia pia kwamba meseji haikutaja ugonjwa, maana simu za nyumbani huazimwa. Kama huna muuguzi wa kupiga simu, usianze.

6. Onyesha saa kwa Kiswahili: andika "saa 2 usiku". Hiyo 20:00 iache ndani ya mashine.

7. Simba data iliyo ndani ya kishikwambi, kwa sababu kitaibiwa. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

8. Anza na zahanati mbili, moja iwe yenye mtandao mbovu kuliko zote. Rejesta ya karatasi ibaki mezani hadi wauguzi wenyewe waseme iondolewe.