Kufundisha Grafu kwa Mita ya Luku

Mwalimu anayefundisha grafu kwa tarakimu za kubuni huwazoeza watoto kuunganisha nukta tu. Katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani tarakimu za kweli zimo ukutani mwa nyumba, katika mita ya Luku, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mita hiyo huonyesha uniti zilizosalia, na uniti moja ni kilowati-saa moja.

Tunapendekeza kila mwanafunzi asome mita kwa juma zima, saa ile ile ya jioni, na kuandika salio daftarini. Tuseme Jumatatu salio ni 18.4, Jumanne 14.9, na Jumatano 31.2. Mtoto akichora masalio hayo, mstari utashuka kisha utaruka juu, naye huenda akadai kwamba Jumatano nyumba haikutumia umeme kabisa. Mwalimu asiharakie kumsahihisha. Amwulize kwanza: je, kuna aliyenunua umeme, na ni uniti ngapi? Zikiwa 20, basi matumizi ni 14.9 kujumlisha 20, kutoa 31.2, yaani 3.7. Siku iliyotangulia yalikuwa 3.5. Mtoto aliyegundua hilo mwenyewe hatachanganya tena salio na matumizi.

Katika nyumba nyingi za wapangaji mita ni moja na vyumba huchangia sawasawa, mwenye taa moja pamoja na mwenye friji, manung'uniko hayakosekani. Hapa hesabu ina kazi. Pasi ya wati 1000 ikitumika nusu saa hula nusu uniti. Taa ya wati 10 ikiwaka saa tano hula 0.05, sehemu moja ya kumi ya ile ya pasi. Hata hivyo, grafu ya mita moja huonyesha nyumba imetumia kiasi gani, haionyeshi nani ametumia. Mwalimu alisisitize jambo hili, wala asiruhusu majina ya majirani kutajwa darasani. Daftari la hesabu lisigeuzwe hati ya mashtaka.

Shule iliyo na kompyuta ndogo, kama Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, yaweza kuendelea mbele. Mita nyingi zina kitaa kinachomweka, na idadi ya mimweko kwa uniti huandikwa usoni mwake. Ikiwa ni 1000, kisha mimweko miwili ikapishana kwa sekunde 36, nyumba inatumia wati 100 wakati huo. Kifaa cha kuhisi mwanga kikielekezwa kwenye kitaa hicho, kompyuta huhesabu mimweko na kuchora grafu usiku kucha: friji huonekana ikiwaka na kuzimika, na alfajiri birika la umeme husimama kama mnara. Mita isifunguliwe wala nyaya zake zisiguswe. Sisi tungependa daftari litangulie kompyuta, kwani mashine huchora hata kosa kwa unadhifu.

Mtoto ambaye kwao hakuna umeme apewe mita ya shule aisome, na tarakimu zake ndizo zichorwe ubaoni.