Dondoo muhimu: Kutua salama unapojifunza urubani

Ndege nyingi za mafunzo huharibikia kwenye kutua, na mara nyingi rubani alikuwa bado na nafasi ya kupaa tena.

1. Shika mwendo: Cessna 172 iliyoshusha flapi huja kutua kwa mafundo 60 hadi 70, ukizidisha, itaelea na kumaliza njia.
2. Usiilazimishe iguse ardhi. Vuta usukani taratibu, magurudumu makuu yatangulie.
3. Imedunda? Usisukume pua chini kamwe! Kosa hilo huvunja gurudumu la pua na kupinda propela, kwani kila mdundo huwa mkali kuliko uliotangulia. Weka nguvu zote za injini, zuia pua isinyanyuke mno, pandisha flapi kwa hatua, uzunguke upya.
4. Upepo wa ubavuni: geuzia usukani unakotoka upepo hata baada ya kugusa ardhi.
5. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Ardhi itaonekana kukimbia kuliko Mombasa; amini kipimamwendo, usipunguze kasi kwa kutazama nje.
6. Mkufunzi akitwaa usukani, achia papo hapo.