Mita 60 za Mto: Kufundisha Sheria za Mazingira katika Shule za Msingi

Mwanachuo atakayekwenda kufundisha darasa la tano au la sita hapana budi atakutana na somo la sheria za mazingira. Tangu mwaka 2004 sheria na kanuni hizo zimeongezeka sana katika Tanzania, nazo zimefika hata jikoni na bustanini mwa mzazi. Hapo ndipo ulipo ugumu wa somo hili. Mwalimu akitangaza kwamba kulima kando ya mto ni kuvunja sheria, huenda darasani yumo mtoto ambaye sare yake imenunuliwa kwa mchicha uliolimwa huko huko. Mtoto huyo ataona kwamba ama mama yake ni mhalifu, ama mwalimu wake hajui maisha ya watu. Makala haya yanaeleza njia ya kufundisha ambayo haitamtia mtoto katika hali hiyo.

Njia yenyewe ni kuichunguza kila sheria kwa maswali matatu: Inazuia madhara gani? Inamgharimu nani? Aliyezuiwa atafanya nini badala yake?

1. Mambo ya kujua kabla ya kufundisha

(a) Maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Mwalimu auangalie vema upana wa katazo hilo. Zinazokatazwa ni shughuli za kudumu, pamoja na zile ambazo kwa tabia yake zaweza kudhuru hifadhi ya kingo hizo. Kuchota maji kwa ndoo si jambo moja na kujenga nyumba au kulima mpaka ukingoni. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasimamiwa kwa mabonde 9 ya maji, yakiwamo Pangani, Rufiji na Wami/Ruvu.

(b) Viwanda. Sheria ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijaanza, na inasimamia kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe. Sheria ya maji ya 2009 nayo inamtaka anayetiririsha majitaka katika vyanzo vya maji awe na kibali. Tangu tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara: kuitengeneza, kuiingiza nchini, kuiuza na kuitumia.

(c) Nishati. Mwaka 2023 serikali iliziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wenye lengo kwamba, ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Shule nyingi zinahusika na agizo lile. Kwa hiyo jiko la shule ni sehemu ya somo.

2. Somo la mfano (vipindi viwili)

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kueleza sababu ya mita 60, na kupendekeza njia ya kuwasaidia wanaoathirika.

Vifaa: Kamba ya mita 10, chupa mbili kubwa zilizokatwa ubavuni, udongo, nyasi zenye mizizi, vikombe viwili, maji.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi wapime mita 60 katika uwanja wa shule, kwa kuilaza kamba mara 6. Wasipelekwe mtoni kwa kazi hii, kwa usalama wao. Wataona kwamba umbali huo unakaribia upana wa uwanja wa mpira, na kwamba kwa mwenye shamba dogo huenda ndilo shamba lote.

Hatua ya pili. Chupa moja itiwe udongo mtupu, na ya pili udongo wenye nyasi zilizoshika mizizi. Ziinamishwe sawasawa, zimwagiliwe maji ya kipimo kimoja, na yanayotoka yakingwe vikombeni. Maji ya udongo mtupu yatatoka na tope zaidi. Mwalimu aulize: tope hili lingeingia mtoni, lingeishia wapi? Kisha aeleze kwamba maji ya Ruaha Mkuu hukusanywa katika bwawa la Mtera, nayo huendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Bwawa likijaa mchanga, nafasi ya maji hupungua. Kwa njia hiyo bustani ya ukingoni na taa ya mjini zinahusiana.

Hatua ya tatu. Makundi yajibu yale maswali matatu. Kundi moja liwe wakulima wa bondeni, la pili watumiaji maji wa chini ya mto, la tatu halmashauri ya kijiji. Kila kundi litoe pendekezo moja linalowezekana, kama kupanda miti ya matunda, kuacha ukanda wa nyasi au kutafuta eneo jingine. Halmashauri ieleze lipi linakubaliana na sheria.

3. Tahadhari

Mwalimu asiulize nani mzazi wake analima mtoni, wala nani kwao wanauza mkaa. Atumie kijiji cha kubuni. Pia asiwaache wanafunzi waamini kwamba sheria huwahusu wanyonge peke yao: mfano wa kiwanda ufundishwe kwa uzito ule ule wa mfano wa bustani. Wala asiifiche sheria kwa kuwahurumia wazazi, maana anayeishi chini ya mto naye ana watoto wanaokunywa maji.

Zoezi kwa mwanachuo: Andaa somo kama hili juu ya jiko la shule unakofanyia mazoezi ya kufundisha. Hesabu kuni zinazotumika kwa juma moja na gharama yake, kisha linganisha na nishati nyingine moja inayopatikana mahali hapo. Eleza ni nani atakayelipa tofauti ya gharama.