Redio ya gari sebuleni, na maandishi yake

Huku Igamba redio nzuri ya nyumbani inaweza kuwa redio ya gari. Inakula volti 12, betri ya sola inazo, unatia spika mbili kwenye boksi la mbao na muziki unalia. Mimi naipendea kioo chake. Kituo kikishika vizuri, namba za masafa zinaondoka na jina la kituo linakuja. Hiyo ndiyo RDS, na wapo wanaoimiliki bila kujua inafanya nini.

Kwanza ununuzi. Magari yaliyotumika yanayopita Tunduma kwenda Zambia na Kongo mengi ni ya Japani. Redio zake ziache. Kwao FM ilipangiwa megahezi 76 hadi 90, kwa hiyo zinagota kabla ya kufika kwenye vituo vyetu vingi, na RDS hawaitumii. Tafuta iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, ambako Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa kanuni za RDS mwaka 1984. Itazame usoni: utaona herufi hizo, au kitufe cha AF au TA. Ikiwa imetoka kwenye lori, soma kibandiko kabla hujalipa, maana nyingi ni za volti 24. Muuzaji akupe na namba ya siri, kwa sababu nyingine zikikatwa umeme zinajifunga mpaka uiingize. Kwa kawaida waya wa njano unakwenda kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi, mwekundu unapita kwenye swichi, mweusi ni hasi. Njano ukiupitisha kwenye swichi, kila ukizima redio itasahau vituo na saa. Kuna magari ya Ulaya yaliyobadilishana njano na nyekundu, kwa hiyo fundi apime kwanza.

Maandishi yanasafiri ndani ya mawimbi yale yale ya FM, kwenye kilohezi 57, juu kabisa ya sauti ambayo sikio linaweza kuipata. Yanakuja polepole, biti 1,187.5 kwa sekunde, na humo humo kuna jina, ujumbe, saa na mengineyo. Basi vuta subira kidogo ukibadili kituo. Jina lina nafasi ya herufi 8 tu. Ujumbe unafika herufi 64, na hapo ndipo kituo kinaweza kuweka jina la wimbo au namba ya kutuma salamu. Kwenye redio nyingi unauona kwa kubonyeza DISP. Lakini redio inasoma kilichotumwa tu. Kituo kisichotuma kitu utakiona kwa namba zake, na vipo vinavyozungusha matangazo ya biashara neno kwa neno kwenye zile herufi 8, jambo ambalo kanuni hazikulikusudia na macho yangu hayalipendi.

Faida ninayoithamini zaidi ni ya antena. Maandishi yanadai mawimbi safi kuliko sauti: mtangazaji utamsikia hata kwenye mikwaruzo, ila jina halitatokea. Kwa hiyo nikitafuta pa kuweka antena sifuati sikio. Nachukua waya wa sentimita 75 hivi, robo ya wimbi kwa masafa ya karibu megahezi 100, nausogeza mpaka jina litokee na kutulia. Sauti ikiwa na nguvu huku jina linakuja na kupotea, huenda mawimbi yanakufikia mara mbili, mara ya pili yakiwa yamegonga mlima. Hapo kuongeza urefu wa mlingoti si lazima kusaidie. Jaribu kuusogeza pembeni hatua moja au mbili.

AF izime. Kazi yake ni kuhamia masafa mengine ya kituo kile kile gari linapotoka eneo moja kwenda jingine, lakini nyumba haiendi Vwawa. Ukiiacha, mawimbi yakilegea redio inakata sauti kidogo ikipeleleza kwingine. TA nayo izime: ilibuniwa kwa taarifa za barabarani, na kituo kikiacha alama yake wazi, muziki wa flashi yako utakatizwa bila sababu. PTY, ya kutafuta vituo kwa aina ya vipindi, huku sijaona kazi yake.

CT inataka tahadhari kuliko zote, kwa sababu ya mpaka wa Zambia. Hiyo inaweka saa ya redio kwa kufuata kituo, pamoja na tofauti ya nchi. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, Zambia mbili. Ukidaka kituo cha ng'ambo kinachotuma saa, redio yako itarudi nyuma: taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya TBC Taifa itaanza huku kioo kinasema 19:00. Mimi CT nimeizima, saa naiweka kwa mkono. Ukiiweka kwa kutazama simu nawe uko Tunduma, hakikisha kwanza simu haijadaka mnara wa Nakonde, upande wa Zambia, maana nayo inaweza kurudi nyuma saa hiyo hiyo moja.